Karatasi Ilisema Sina Kitu

Tabibu aliyenihudumia ndiye aliyeniomba niyaandike haya. Anasema wapo watu wanaopita palepale nilipopita mimi na hawana wa kumuuliza. Sina elimu ya udaktari. Nilisoma mpaka darasa la saba Nachingwea, nikalima, nikapulizia mikorosho, nikaugua, na hayo ndiyo ninayoyajua. Kama umepimwa ukaambiwa huna kitu, na bado mwili unatoka majipu na akili inakimbia, basi haya ni yako.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilioa Mbekenyera, upande wa Ruangwa. Kwa watu wa mke wangu mwanamume ndiye anayehamia. Nilijenga kwenye ardhi ya Bibi Asumini, bibi yake Somoe, mke wangu. Mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo mwenye kauli ya mwisho katika mambo ya ukoo alikuwa Mjomba Selemani, kaka yake marehemu na mtoto wa yule bibi. Mkwe kule anaheshimiwa akifanya kazi. Akiharibu, anarudishwa kwao, na hapati pa kwenda kushtaki. Nililijua hilo tangu siku ya posa na sikuona ubaya wake.

Kazi yangu ilikuwa mashine. Mikorosho ikianza kuchipua na kutoa maua, kuanzia kama mwezi wa sita, hushikwa na ubwiri unga, ukungu mweupe unaokausha maua, na dawa yake ni salfa, ule unga wa njano. Unaibeba mashine mgongoni, injini inaunguruma karibu na sikio, unapuliza kuelekea juu. Inafanyika alfajiri tu, umande ukiwa bado kwenye majani, ili unga ushike. Jua likishapanda unafunga kazi, lakini hulali, kwa sababu ufuta unasubiri kuvunwa. Hali hiyo inakwenda miezi mitatu.

Msimu wa tano wa ndoa yangu nilianza kusinzia na mashine mgongoni. Siku moja nikaegemea bomba la moshi bila kujua, kiganja cha kushoto kikaungua. Utingo wa lori lililokuwa likituletea salfa akaniona ninavyopepesuka, akanipa kidonge kidogo cheupe.

"Meza hiki, mwanangu. Madereva wote wanatembelea hivi. Utaona macho yanavyofunguka."

Yalifunguka kweli. Siku ile nilipulizia shamba letu na la jirani, nikavuna ufuta mpaka jioni, na bado nikawa natafuta cha kufanya. Sitadanganya kwamba nilichukia. Nilijiona mtu niliyekuwa nimefichwa miaka yote ndani ya mvivu. Msimu ule nikapulizia karibu nusu ya kijiji, na Mjomba Selemani akawa anawaambia watu msikitini, "Mkwe wangu mimi halali." Alikuwa anasema kwa majivuno, masikini, wala hakujua anasema nini.

Msimu ulipokwisha vidonge havikuisha. Nilimeza wakati wa kuokota korosho, nikameza wakati wa palizi. Kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Chakula kikanishinda. Nilikuwa nikisaga meno mchana kutwa mpaka taya zikauma, na vidonda vikaota ndani ya mdomo. Suruali niliyooa nayo nikaifunga kwa kamba.

Kile kidonda cha kiganjani ndicho kilichoanza kunitia wasiwasi. Masika yote hakikufunga. Kinakauka juu, kinalowa chini. Nikafanya jambo ambalo nadhani hufanywa na wapulizaji tu: nikakipaka salfa. Kwetu salfa ilikuwa imeponya mikorosho ya kila mtu, na wenye upele walikuwa wakijipaka, basi sikuona kwa nini ishindwe na kidonda changu. Kikawa kinachimbika huku kikinuka kiberiti. Kisha majipu yakaja kwapani, likipona moja linatoka lingine. Kisha homa za jioni. Zahanati walinipima malaria mara tatu na hawakuiona.

Mwishowe kikaja kitu kilichonyamazisha watu. Malengelenge yalitoka upande mmoja, kuanzia mgongoni yakazunguka mpaka kifuani, yakiwaka kama nimemwagiwa maji ya moto. Mkanda wa jeshi. Aliyeishi miaka ile anakumbuka mkanda wa jeshi ulisomwa vipi. Mtu mwembamba, mwenye homa, mwenye mkanda wa jeshi, alikuwa amekwisha kutangazwa kabla hajafungua mdomo. Majirani wakaanza kunisalimia kutoka barabarani. Somoe akatenga sahani yangu. Baada ya siku mbili akairudisha pamoja na nyingine, akakaa chini jikoni akalia, nami nikakaa nje nikimsikia. Sikuingia kumbembeleza. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko mkanda wenyewe.

Mjomba Selemani akaja na baiskeli yake asubuhi, akakataa kiti.

"Mkwe, sikufukuzi," akasema. "Nenda kapime. Nikijua, nitajua la kufanya. Nisipojua nitaanza kusikiliza maneno ya watu, na hilo silitaki."

Nikaenda Nachingwea kwa mama yangu, na kesho yake nikaenda hospitali kupima. Palikuwa na benchi tatu kwenye veranda. Nilikaa ya mwisho, kwa sababu watu wa benchi hiyo hawaulizani wanaumwa nini. Kila mmoja alikuwa akiangalia miguu yake. Mzee mmoja alikuwa na gazeti la wiki iliyopita. Akaligawa kurasa kurasa, akampa kila mtu yake, ili tupate pa kuelekeza uso. Sijawahi kujua jina lake. Nilisoma ukurasa wa mpira mara nyingi sana.

Tabibu alikuwa mama wa makamo, Mama Matilda. Alinitoa damu asubuhi, akaniita mchana.

"Huna virusi," akasema. "Lakini nisikilize vizuri. Hayo ni majibu ya ugonjwa mmoja tu. Kinga yako iko chini, na kitu kilichoishusha bado kipo. Unakunywa? Unavuta? Kuna chochote unachomeza?"

"Hapana, mama."

"Hulali?"

"Nalala."

Akanitazama macho, halafu meno. Akaandika karatasi, akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu kupima tena, na kabla ya hapo nije kila nikipata homa. Mimi nilikuwa nimeacha kusikiliza pale aliposema huna.

Mjomba Selemani aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili. Aliita watu barazani kwake, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti mpaka kwenye mhuri. "Mmesikia? Hana kitu. Mkwe wangu ni mzima." Wakachinja kuku. Walionisalimia kutoka barabarani wakaja kunishika mkono, ule wenye kidonda, na nikawaachia waushike. Somoe alicheka siku ile nikakumbuka kwamba ana mwanya.

Ndivyo sote tulivyoingia kwenye kosa lile. Kwetu wakati ule ugonjwa ulikuwa mmoja, na asiyekuwa nao alikuwa mzima. Hakuna aliyeuliza, kama si huo, ni nini basi kinachomla huyu? Mimi ndiye peke yangu niliyekuwa na jibu, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya shati, na kuanzia siku ile nikaacha hata kulihofia. Karatasi ilisema sina kitu. Nikaanza msimu wa tatu wa salfa tangu nianze kumeza, kwa vidonge vinne asubuhi na viwili mchana.

Ya wiki zile nitayasema kwa kifupi, kwa sababu mengine sina uhakika kama yalitokea. Nilianza kuisikia mashine ikiunguruma hata ikiwa imezimwa. Nikahisi kitu kinatembea chini ya ngozi, kuanzia kwenye kidonda kuelekea kwenye kiwiko, na nikaamini ni salfa imeingia kwenye damu. Nilijikuna kwa kisu. Kisha nikaelewa, au nikaona nimeelewa, kwamba inatoka kwenye mikorosho mitano iliyopandwa mstari mmoja nyuma ya nyumba ya Bibi Asumini. Mimi niliipulizia, nayo sasa inanipulizia. Mawazo hayo hayakuja kwa kelele. Yalikuja yametulia, kama mtu anavyokumbuka alipoweka ufunguo.

Asubuhi moja, jua limeshatoka, nikachukua shoka nikaikata yote mitano. Ilikuwa imechanua. Mtu asiye wa huku huenda akaona ni miti tu. Mikorosho ile aliipanda Bibi Asumini na marehemu mumewe, na ndiyo iliyosomesha watoto wao. Hakuna mtu kwetu anayekata mkorosho wenye maua, hata wa adui yake. Bibi alitoka akasimama mlangoni, hakupiga kelele. Somoe ndiye aliyepiga. Binti yetu Rehema alikuwa na miaka mitano. Mama yake alimbeba, akamfunika uso na khanga, akakimbia naye kwa Mjomba Selemani.

Mjomba alikuja na wanaume wawili na kamba. Hawakunipiga. Mchana ule nilikuwa juu ya lori la mizigo kuelekea Nachingwea, mikono imefungwa. Wao wakaenda hospitali na mimi, kisha wakaenda kwa mama yangu. Mama alinihadithia baadaye maneno ya mjomba.

"Mama, nimekurudishia mwanao. Sikumkataa. Lakini amekata mikorosho ya mama yangu, na mwanangu Somoe anatetemeka. Akipona atakuja kwa miguu yake. Asipopona, tumeachana kwa heshima."

Nililazwa wiki mbili. Siku za mwanzo nililala tu. Nilikuwa naamka nakula kila kilicholetwa, nalala tena. Sauti ya mashine ikaenda ikififia, na siku ilipokoma kabisa niliogopa ule ukimya. Ndipo nikamwambia Mama Matilda habari za vidonge. Hakunigombeza. Alivuta kiti.

"Mwilini mna walinzi," akasema. "Wewe umewakeshesha miaka miwili, huwapi chakula, huwapi usingizi. Wengine wamelala kazini, ndiyo maana mkanda wa jeshi umepita. Waliobaki wamechanganyikiwa, wanawasha moto kila mahali, hata pasipo na adui. Moto huo hauishii kwenye ngozi. Kichwani nako unafika."

"Kwa hiyo si wazimu?"

"Ulichanganyikiwa, baba. Nisikufiche. Vidonge vyenyewe vinatosha kumfanya mtu hivyo. Lakini usitenge kichwa chako na kidonda chako. Ni mwili mmoja ulioumwa. Hata sisi bado tunajifunza vinavyoshikana."

Ndiyo elimu yote niliyopewa, na ilinitosha kwa mwaka mzima.

Nilirudi kwa mama, nikawa nakwenda kliniki kila Alhamisi. Nesi mmoja alikuwa akinisafisha kiganja, ananiita kwa jina na kuniuliza nimeota nini. Mimi niliyekuwa nimeacha kuota! Mwili ulirudi kwa vipande. Meno yaliacha kusagana kwanza. Kisha vidonda vya mdomoni vikapona, nikaonja chumvi ya mboga. Lakini viungo viliuma miezi, kama mtu anayeanza mafua yasiyofika, na pamoja na maumivu hayo ilikuja huzuni ambayo hakuna aliyenionya. Nataka nikuonye wewe. Nilikuwa nimeacha vidonge, nakula, nalala, na bado asubuhi sioni sababu ya kuvaa shati. Mama alikuwa ananiwekea uji wa mtama pembeni ya mkeka, anakwenda shambani. Akirudi akakuta kikombe kitupu anasema, "Haya, leo umefanya kazi." Hakuwa akinitania.

Nilianguka mara moja. Karibu na Krismasi, korosho zikiwa zinaisha, nilikutana na yule utingo stendi ya Nachingwea. Akanikumbatia, akaniachia kidonge mkononi kama mtu anavyoacha pipi. Nilikimeza kabla sijafika nyumbani. Siku mbili sikulala, na wiki haikuisha jipu likawa kwapani na ule mngurumo upo sikioni, kwa mbali. Alhamisi nikamwambia Mama Matilda. Nilitegemea anifukuze.

"Umeona mwenyewe vinavyokuja pamoja," akasema. "Sasa anza tena kuhesabu leo."

Vipimo vya mara ya pili vilitoka vilevile: huna virusi. Safari hii karatasi niliiweka kwenye sanduku la mama, wala sikumwonyesha mtu.

Somoe alikuja mara moja, mvua za kwanza zilipokatika. Alileta unga wa muhogo na salamu za mjomba. Tulikaa kwenye kibaraza cha mama, yeye kwenye kigoda, mimi chini.

"Watu wanasema niliogopa ugonjwa," akasema. "Mimi sikuogopa ugonjwa, baba Rehema. Ningekuuguza. Nilimwogopa yule mtu aliyekuwa anacheka akikata."

Sikujua kwamba nilikuwa nacheka.

"Rehema anasemaje?"

"Anauliza kama huku kwa bibi yake kuna shoka."

Alipoondoka nililia mpaka mama akafunga mlango ili majirani wasisikie. Lakini niliona pia kwamba ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mitatu kulia kwa sababu ninayoijua, na baada ya kulia nikalala usingizi wa kawaida.

Mjomba Selemani alikuwa ametuma neno kwa Somoe: nisirudi mpaka msimu mzima wa salfa upite na mimi ni mzima. Kwa hiyo nikausubiri Nachingwea. Alfajiri za mwezi wa saba nilikuwa nasikia mashine za watu wengine mashambani. Zilikuwa za kweli, nilimuuliza mama kila mara naye akathibitisha. Nilibaki kwenye mkeka mpaka zinyamaze, ndipo naamka nakwenda kulima. Kidonda kilikuwa kimefunga. Kimeacha kovu laini lenye kung'aa, na kidole kidogo hakinyooki vizuri.

Mwezi wa tisa ulipokaribia kwisha, Mama Matilda akaniandikia barua, akaeleza nimetibiwa nini na ninaendeleaje. Nikaikunja, nikapanda lori mpaka Ruangwa, na kutoka hapo nikaenda Mbekenyera kwa baiskeli ya kukodi. Nilimkuta Mjomba Selemani barazani. Nikamwamkia, nikampa barua.

Hakuipokea.

"Karatasi nilishasoma, mkwe," akasema. "Niliisoma mbele za watu, mpaka mhuri. Nilikuwa na uchungu wa kutaka uwe mzima, nikasoma nilichokitaka. Lete mkono."

Akaushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya kovu. Akanibonyeza pale lilipo nene, akanitazama kama ninaumia. Kisha akasimama.

"Mimi sina neno. Ila mikorosho si yangu. Twende kwa mwenyewe."

Bibi Asumini alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, akielekea visiki. Viwili vilikuwa vimekauka. Vitatu vilikuwa vimechipua, kila kimoja kina kichaka cha machipukizi yaliyofika kimo changu, yamebanana. Mkorosho ukiachwa hivyo hauzai. Lazima mengi yaondolewe, yabakizwe machache yenye nguvu. Wakati wake ulikuwa umepita zamani. Mjomba aliniambia bibi aliwakataza wote kugusa. Kiswahili cha bibi ni cha kuokoteza, na masikio yalikuwa yamekwisha kumchoka, kwa hiyo alisema kwa sauti kubwa, na nyumba nzima ikasikia.

"Wewe mtu wa Nachingwea. Kukata, umekata wewe. Kupunguza, nani apunguze? Mimi?"

"Hapana, bibi. Nitapunguza mimi."

"Basi." Akageuka upande wa jikoni. "Rehema! Lete panga, mpe baba yako."

Sikuwa nimemwona bado. Alitokea mlangoni, mrefu kuliko nilivyomkumbuka, panga limemning'inia mkononi, akasimama hapo bila kusogea. Aliniangalia, akamwangalia mama yake. Somoe alikuwa amekaa chini na ungo wa mbaazi mapajani. Mikono yake ilisimama. Mimi sikuwa na haki ya kusema. Nilitaka kumwambia bibi aache, nije siku nyingine, nimechoka na safari. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nikiwa mgonjwa.

Kisha Somoe akaanza tena kuchambua.

"Usimshikie hivyo, utamkata," akamwambia mtoto. "Mpini uelekee kwa baba."

Rehema akaligeuza panga, akaja nalo mpaka niliposimama. Nikalipokea. Nikaanza na kisiki cha mwisho kwenye mstari, nikabakiza machipukizi mawili.